Je, Wajua? Mahame ya Kilima cha Chetambe

Ukitoka Kiminini kwa barabara ya Webuye, utapita Kamukuywa na Misikhu kabla ya kufika chini ya kilima cha Chetambe. Wasafiri wengi hukipita bila kukitazama. Je, wajua kwamba…

• Kilima hiki kinabeba jina la Chetambe Ifile, mzee wa Kitachoni, na juu yake palikuwa na ngome? Zamani Watachoni na Wabukusu waliishi katika vijiji vilivyozungushiwa kuta za udongo na mahandaki. Lango lilikuwa jembamba, nalo lilizibwa kwa magogo adui akikaribia.

• Ngome hiyo ilianguka mwaka 1895? C. W. Hobley, ofisa wa Uingereza aliyekuwa na kituo Mumias, alitaka Wabukusu wasalimishe bunduki walizokuwa nazo. Walipokataa, akawaletea vita. Ngome ya Lumboka ilitekwa kwanza, na walionusurika wakakimbilia Chetambe. Lakini kuta zilizojengwa kuzuia mikuki na mishale hazikufua dafu mbele ya bunduki ya Maxim. Wengi waliuawa, na ngome ikageuka mahame.

• Watu walirudi kilimani miaka 52 baadaye? Mwaka 1947 Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa iliyopinga ukoloni, aliongoza maelfu ya wafuasi hadi Chetambe. Walichinja kafara na kuwaombea waliokufa hapo. Serikali ya kikoloni iliingiwa na hofu: mwaka 1948 ikaipiga marufuku dini hiyo na kumpeleka Masinde kizuizini Lamu.

• Masinde huyohuyo alikuwa mwanasoka? Kijana huyo wa Kimilili aliichezea Kenya dhidi ya Uganda mwaka 1930 katika Kombe la Gossage, chimbuko la mashindano ya CECAFA.

• Wito wake ulifika hadi Trans Nzoia? Ulienea miongoni mwa vibarua wa mashamba ya walowezi, watu waliolima ardhi ambayo sheria iliwakataza kuimiliki.

Vitabu vya shule huwataja Wanandi na wapiganaji wa Maji Maji, na ni haki yao. Chetambe nayo inastahili ukurasa wake. Mwalimu wa Kiminini anayetaka kufundisha jinsi wazee wetu walivyoupinga ukoloni hana haja ya kwenda mbali: awapandishe wanafunzi wake kilimani, na aende na mzee wa kuwasimulia.