Riwaya za Mapenzi na Habari za Wazee Wetu

Ndugu wasomaji, miongoni mwa vitabu vinavyopendwa na vijana wetu wanaosoma Kiingereza, na hasa wasichana, ipo aina moja ambayo wazazi wengi hawaijui ila kwa picha iliyo juu ya jalada. Nazo ni riwaya za mapenzi zilizowekwa katika zama zilizopita. Mwanamke wa Kizungu huteremka katika marikebu, huingia nchi ya joto yenye majumba ya wafalme, humpenda mtu asiyetarajiwa kumpenda, na baada ya misukosuko mingi mambo hutengemaa. Aghalabu nchi hiyo huwa ni Bara Hindi ya siku za utawala wa Waingereza. Lakini si Bara Hindi peke yake. Unguja yetu nayo imo. Kwa hivyo yatupasa tuzitazame riwaya hizi kwa uadilifu, bila ya kuzilaani kabla ya kuzijua, na bila ya kuzipokea kana kwamba ndiyo tarehe yenyewe.

Hata huku kwetu Lingeka, mbali na pwani, vitabu hivi vyaweza kufika. Kijana wa leo hana haja ya kwenda dukani, kwani kitabu kizima hukaa ndani ya simu yake. Mzazi aliyezoea kukagua mkoba wa mtoto hawezi kukikagua kitabu cha namna hii kwa njia ile ile. Basi kukataza peke yake hakutoshi. Linalofaa zaidi ni kujua kilichomo.

Mtungaji mashuhuri wa riwaya hizi ni Bibi M. M. Kaye. Alizaliwa Simla, Bara Hindi, mwaka 1908, na mumewe alikuwa afisa wa jeshi. Alifariki mwaka 2004. Mwaka 1957 alitoa kitabu kiitwacho Shadow of the Moon, chenye kuhusu maasi makubwa ya mwaka 1857. Hayo ndiyo maasi yaliyoanza kwa askari wa Meerut, yakamalizikia kwa Bahadur Shah, mfalme wa mwisho wa Kimoghuli, kuhamishwa hadi Rangoon, ambako alifariki mwaka 1862. Mwaka 1978 akatoa The Far Pavilions, kisa cha kijana wa Kiingereza aliyelelewa kama Mhindi na akampenda binti wa mfalme. Kitabu hicho kiliuzwa kwa mamilioni, na mwaka 1984 kikaonyeshwa katika televisheni. Na kati ya viwili hivyo, mwaka 1963, alitoa Trade Wind, yaani upepo wa biashara, ambacho kisa chake kimewekwa Unguja mwaka 1859.

Si ajabu kwamba kalamu moja iliandika Bara Hindi na Unguja. Katika zama hizo nchi hizi mbili zilikuwa zimefungamana. Wafanya biashara wa Kutch na Gujarat walikuwa na maduka na maghala Unguja. Rupia ya Kihindi ilitumika katika masoko ya pwani. Na balozi wa Kiingereza aliyekaa Unguja alikuwa pia wakili wa serikali ya Bombay. Sayyid Said bin Sultan alipofariki baharini mwaka 1856, wanawe waligombania urithi: Thuwaini akiwa Oman, na Majid akiwa Unguja. Aliyekata shauri lao mwaka 1861 alikuwa Lord Canning, mtawala mkuu wa Kiingereza wa Bara Hindi. Yeye ndiye aliyeitenga Unguja na Oman, na akaamuru Unguja iilipe Oman riali 40,000 kila mwaka. Na Barghash bin Said, alipojaribu kumpindua nduguye Majid mwaka 1859 na akashindwa, alipelekwa Bombay akakaa huko kama miaka miwili.

Mambo hayo ya mwaka 1859 ndiyo yaliyotiwa katika Trade Wind. Mwanamwali wa Kimarekani, mpwa wa balozi wa Marekani, aja Unguja akiwa na nia ya kupiga vita utumwa. Akutana na nahodha wa Kiingereza ambaye kazi yake ni kusafirisha watumwa. Majid yumo, Barghash yumo, na Bibi Salme binti Said yumo. Mji umeelezwa kwa ufundi: harufu ya karafuu, ufuo wenye uchafu, na maradhi ya kipindupindu yaliyoua watu wengi. Msomaji hujifunza mambo ya kweli humo, na haki hiyo tusimnyime mtungaji.

Lakini mna mawili ambayo mzazi hana budi kuyajua. La kwanza, nahodha yule amteka nyara mwanamwali kwa kulipiza kisasi, akamwingilia kwa nguvu. Na baada ya hayo kitabu chatwambia kwamba yule aliyedhulumiwa akampenda aliyemdhulumu, na mwisho wakawa pamoja. Hili ni fundisho baya, liwe limeandikwa na Mzungu au Mwislamu. Qurani katika Suratin Nisaa imekataza kuwarithi wanawake kwa nguvu, na katika Suratin Nur imekataza kuwashurutisha vijakazi katika zinaa. Msichana akisoma mara nyingi kwamba jeuri ni mlango wa mapenzi, siku atakapodhulumiwa huenda akaona aibu kusema. Na mvulana akisoma hayo, huenda akadhani kwamba kukataliwa si kukataliwa.

La pili, biashara ya watumwa imegeuzwa pambo. Muuza watu amefanywa shujaa wa kupendeza, na wale waliouzwa wapita nyuma ya kisa kama vivuli. Na hapa tuseme kweli bila ya kujificha: hata sisi katika masimulizi yetu tumefanya mfano wa hayo. Tumesifu majumba ya Unguja, na tusiwataje waliobeba mawe yake. Wenye watumwa wengi katika pwani hii walikuwa Waislamu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 kwa mkataba ambao Barghash, wakati huo akiwa Sultani, alitiliwa nguvu na Waingereza hata akautia sahihi. Amri ya kuondoa utumwa ikatoka mwaka 1897, lakini masuria hawakuingizwa katika amri ile mpaka mwaka 1909. Wanawake ndio waliongoja zaidi, na riwaya za mapenzi hazitaji miaka hiyo kumi na miwili.

Sasa tutazame kisa cha kweli kilichokuwa karibu na riwaya hiyo. Bibi Salme alizaliwa Mtoni mwaka 1844, mama yake akiwa suria wa Kicherkesi. Wasichana wa jumba la mfalme walifundishwa kuisoma Qurani, lakini kuandika hawakufundishwa. Yeye alijifundisha kwa siri, akiziiga herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Ujuzi huo ndio uliomwingiza katika fitina ya mwaka 1859, kwani alikuwa msichana wa miaka kama kumi na mitano tu walipomtaka amwandikie Barghash barua zake. Baadaye akapendana na mfanya biashara wa Kijerumani, Heinrich Ruete. Mwezi wa Agosti 1866, hali akiwa mja mzito, aliondoka Unguja katika manowari ya Kiingereza mpaka Aden. Huko mwaka 1867 akabatizwa na kuolewa, akahamia Hamburg. Mwaka 1870 mumewe akafa katika ajali ya gari la reli ya mjini, naye akaachwa na watoto watatu wadogo katika nchi ya ugeni.

Mtunga riwaya angekomea Aden, penye harusi. Lakini maisha hayakukomea hapo. Salme alirejea Unguja mwaka 1885 pamoja na manowari za Kijerumani, na ndugu yake Sultani Barghash hakumpokea. Mwaka 1886 alitoa kitabu cha maisha yake kwa Kijerumani, na mwaka 1924 akafariki Jena. Barua zake, zilizochapwa muda mrefu baada ya kufa kwake, zaonyesha upweke na mashaka makubwa ya moyo juu ya dini aliyoiacha na nchi aliyoihama. Simwandiki ili kumhukumu, kwani hukumu ni ya Mwenyezi Mungu. Namwandika ili binti zetu wajue kwamba baada ya ukurasa wa mwisho wa riwaya, mwanamke hubaki na siku zake zote.

Bara Hindi nayo ina kisa chake cha kweli. Huko Hyderabad, mwaka 1800, Khair un-Nissa, mwanamke wa nyumba tukufu ya Kiislamu, aliolewa na James Kirkpatrick, mjumbe wa Kampuni ya Kiingereza. Wakapata watoto wawili. Mwaka 1805 watoto wakapelekwa Uingereza, na mwaka ule ule Kirkpatrick akafa. Mama akafariki mwaka 1813 bila ya kuwaona tena wanawe.

Ndugu wasomaji, tujiulize: kwa nini habari za wanawake wetu tumezipata kwa kalamu za wageni? Sababu moja ni hiyo ya mfupa wa ngamia. Aliyefundishwa kusoma tu hupokea maneno ya wengine. Anayeandika ndiye anayeacha maneno yake. Na wala si desturi ya dini kuwanyima wanawake kalamu. Mwaka 1858 hivi, karibu na wakati uliowekwa kisa cha Trade Wind, Mwana Kupona binti Msham wa Pate alimtungia binti yake utenzi juu ya dini, adabu na maisha ya ndoa. Mumewe alikuwa Bwana Mataka wa Siyu, aliyeshindana na Sayyid Said. Mwanamke huyo, hali akiwa mgonjwa, aliandika akiwa na jambo la kumwambia mwanawe. Utenzi wake wasomwa hata leo.

Kwa hivyo nashauri mambo matatu. Kwanza, mzazi aulize mtoto anasoma nini, na amsikilize kabla ya kumkemea. Mtoto anayekemewa husoma gizani. Pili, penye kisa cha zamani, mtoto ahimizwe kuuliza: ni nani aliyeandika, na ni nani hakupewa nafasi ya kusema? Tatu, katika madrasa zetu na majumbani, wasichana wafundishwe kuandika kama wavulana, nao waandike habari za bibi zao wangali hai: walivyoolewa, walivyohama, walivyolima pamba, walivyozika na walivyolea.

Wahenga wamesema, mwacha asili ni mtumwa. Asili haihifadhiwi kwa kufunga vitabu vya watu, bali kwa kuandika vyetu. Mwenye bibi yake aliye hai, na achukue daftari leo.