Fahamu: Zaka, sadaka na mtoto anayelala barazani

Itumba, makao makuu ya Wilaya ya Ileje, jirani bado hujua ni jiko la nani halijafuka moshi leo. Tunduma, mpakani na Zambia, mambo ni tofauti: mtoto hulala juu ya boksi kwenye baraza la duka, malori yakinguruma usiku kucha. Kwa wahitaji kama huyu, Waislamu wana zaka, ambayo makundi 8 yanayostahili kupewa ni pamoja na maskini na msafiri aliyeishiwa. Wakristo wana sadaka na udiakonia, yaani huduma kwa wahitaji. Masheikh na wachungaji wakikutanisha orodha zao za wahitaji mbele ya afisa ustawi wa jamii, ni vigumu mhitaji kurukwa. Kwa mtoto, Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka kila mwanajamii atoe taarifa akijua haki zake zinakiukwa. Piga 116, namba ya simu ya msaada kwa mtoto; ni bure.