Ukimaliza kusoma, utaanza lini kusoma?

Wasifukazi za vijana wetu, ziwe zimetoka Maua au Kiritiri, zina sehemu moja inayofanana kama shilingi kwa ya pili. Ni ile ya mwishomwisho, chini ya kichwa cha uraibu. Hapo utakuta: kusoma, kupika, kujiendeleza. Sasa mwajiri akisema, "Hebu nitajie kitabu ulichosoma mwezi huu," mara nyingi kimya hutanda. Akigusia kupika, utadhani amefungua mfereji. Ataelezwa unga wa chapati hukandwa vipi ili chapati isiwe ngumu kama ngozi ya ngoma, na kwa nini pilau ya shangazi fulani hushikana kila Krismasi.

Wepesi wa kulaumu watasema kijana ameongopa kuhusu kusoma. Mimi nasita. Naona kwamba ametumia neno lenye maana mbili, na maana aliyokuwa nayo yeye siyo aliyokuwa nayo mwajiri.

Tuanze na hilo neno uraibu, maana nalo lina mambo yake. Shuleni tumelizoea kwa maana ya jambo ambalo mtu hulifanya kwa kupenda wakati wa mapumziko. Matumizi ya zamani yalihusu vitu vya kutafunwa, kuvutwa au kunywewa kwa mazoea: tambuu, tumbaku, kahawa. Leo magazeti huandika uraibu wa pombe na wa dawa za kulevya, na aliyezama humo huitwa mraibu. Kwa hivyo anayeandika kwamba uraibu wake ni kusoma anatoa dai zito kuliko anavyodhani, kwamba akikaa siku mbili tatu bila kusoma, mwili unamwasha. Watu wa Igembe, wanaoijua miraa shambani na kinywani, watanielewa upesi. Wapo wanaotaka neno hili liachwe kwa sababu ya harufu yake ya ulevi, na vijana wenyewe husema hobi tu. Mimi ningelihifadhi. Linadai mazoea, na mazoea ndiyo tunayoyatafuta.

Tatizo liko kwenye kusoma. Waingereza wana kitenzi kimoja cha kupitisha macho kwenye maandishi na kingine cha kufuata masomo. Sisi tuna kimoja kinachobeba mizigo yote miwili. "Anasoma Chuka" haina maana kwamba sasa hivi ana kitabu mkononi. "Tulisoma pamoja" ina maana kwamba tulikalia dawati moja. Na ipo sentensi ambayo kila ninapoisikia hunitia wasiwasi: "Mimi nilimaliza kusoma mwaka wa 2015." Mbona hatumsikii mtu akisema alimaliza kupika mwaka wa 2015?

Kitenzi hiki kimetembea sana. Pwani, kusoma kulikuwa pia kughani kwa sauti mbele ya watu: watu husoma Kurani, husoma maulidi. Neno chuo, ambalo leo tunalibandika kwenye lango la kila taasisi, zamani lilimaanisha kitabu chenyewe, kisha likahamia mahali vitabu vinaposomwa. Kule Buganda walioongoka mwishoni mwa karne ya 19 walijulikana kama wasomaji, na mpaka leo kitenzi chao cha kusoma hutumiwa pia kwa kwenda kusali. Huku Mlima Kenya, Kikuyu na Kiembu vina -thoma, na waumini wa mwanzo walikuwa athomi. Wamethodisti na Wakatoliki wa Consolata walipojenga vituo Meru katika miaka ya 1910, Waanglikana wakafika Kigari karibu na Embu, na Waskoti wakaanza kazi Chogoria mwaka wa 1922, msomaji hakuwa mtu mwenye mapenzi ya vitabu tu. Alikuwa amevuka upande. Alivaa tofauti, alijenga tofauti, na wakati mwingine alikula tofauti na wazazi wake.

Kisha ukaja mtihani na cheti, na kuvuka huko kukapata tarehe ya mwisho. Ona tofauti tuliyoizalisha kati ya msomi na msomaji. Fundi baiskeli wa Runyenjes anayelimaliza gazeti kila asubuhi kabla ya kushika spana ni msomaji, lakini hakuna atakayemwita msomi. Mwenye shahada mbili ambaye hajafungua kitabu tangu avae joho ni msomi wa kutajika, japo usomaji ulimhama zamani. Muulize mtu aliyepita Kidato cha Nne riwaya ya Kiswahili aliyoisoma mwisho, nawe utaweza kukisia umri wake. Akisema Utengano, huyo ni mzee kidogo. Akisema Kidagaa Kimemwozea, yuko kwenye thelathini hivi. Chozi la Heri? Bado mbichi. Wote watatu walisoma kitabu kizuri, na kwa wengi wao kikawa cha mwisho, kwa kuwa kilikuwa cha mtihani na mtihani uliisha. KCPE ilifanywa mara ya mwisho mwaka wa 2023 na sasa tuna mtaala wa umilisi. Kama utabadilisha hali hii, ni mapema mno kusema.

Kujiendeleza nako kumefungwa kwa kamba iyo hiyo. Lingekuwa neno pana sana: nijisukume mwenyewe mbele, kwa lolote. Lakini mwalimu wa Nkubu akisema "najiendeleza", sote tunajua yuko chuoni likizo hii kutafuta diploma au shahada. Kujiendeleza kusiko na cheti tumekuachia vitabu vinavyotandazwa kando ya barabara katika miji yetu, naomba ukipita uvitazame. Utamkuta Napoleon Hill na kitabu chake cha mwaka wa 1937 kuhusu kutajirika, utamkuta Ben Carson na habari za mikono yake ya upasuaji za mwaka wa 1990, vyote kwa Kiingereza. Si vibaya. Ila vinawafanya vijana waamini kwamba ushauri wa jinsi ya kuishi ni bidhaa ya kutoka Marekani. Mwana Kupona wa Pate aliandika utenzi wa kumwelekeza binti yake mwaka wa 1858, karibu miaka 80 kabla ya Hill. Unaweza kukataa mashauri yake kuhusu mke na mume, na wanafunzi wangu wa kike huyakataa kwa sauti kubwa, lakini huwezi kusema Kiswahili hakikuwa na uandishi wa aina hiyo.

Sasa twende jikoni, kwa sababu huko mambo yalikwenda vingine kabisa.

Reli ya Uganda ilijengwa kati ya 1896 na 1901 na vibarua zaidi ya 30,000 walioletwa kutoka India. Wengi walirudi kwao. Reli yenyewe haikufika Meru wala Embu, lakini duka lilifika, na mapishi yakafuata duka. Watu wa rika langu wanakumbuka chapati ikiwa chakula cha Krismasi, cha kuhesabiwa kwa kila mtoto. Leo ni chakula cha mchana cha mtu wa bodaboda, chapo kwa ndengu, na hakuna anayekumbuka kwamba kililetwa. Chapati na chai ni maneno yaliyotufikia kupitia India. Bajia ni ya Wagujarati. Kachumbari na achari ni za huko huko. Sambusa ilianzia Uajemi kabla ya kuzunguka Bahari ya Hindi nzima. Karai, ambalo Mhindi hulikaangia, huku limepanda cheo au limeshuka, sijui: tunakaangia viazi karai, na fundi wa mjengo anabebea mchanga. Hata mchele wa Mwea, jirani yetu wa Embu, ule tunaouita pishori, ni Basmati 370 yenye asili ya bara Hindi. Mama mboga wa Gakoromone anakuuliza, "Nikuongezee dania?" na anazungumza Kihindi bila kujua.

Kwa nini maneno haya yalikaa mpaka yakawa yetu, ilhali kusoma kumebaki kama nguo ya kuazima? Jibu langu ni kwamba chapati haikuja na mtihani. Ilikuja na kazi ya mikono, na Kiswahili kilikuwa na vitenzi vyake tayari: kanda unga, kata madonge, sukuma, kunja, acha utulie, sukuma tena, choma, geuza. Aliyejifunza kwa jirani yake alifundishwa kwa lugha anayoielewa, akaungua kidole, akarudia.

Na hapa kuna jambo ambalo sisi wa vyuo vikuu hatulisemi sana. Lugha yetu ya kitaaluma imetolewa kwenye ungo na chunguni. Tunachambua riwaya, kabla ya hapo watu walichambua mboga na karafuu. Tunafanya upembuzi yakinifu. Kupembua ni kutikisa nafaka kwenye ungo ili chenga zijitenge. Dondoo tunazowapa watahiniwa wazieleze muktadha wake zimetokana na kudondoa, kuokota punje mojamoja. Faili huipakua kwenye simu kwa kitenzi kile kile cha kutoa wali chunguni. Hata semina za kuwanoa walimu, na vijana wanaojinoa, wanatumia neno la kisu. Usomi umekopa jikoni kwa miongo mingi. Deni lenyewe halijalipwa: nenda ukatafute kitabu cha Kiswahili, kilichoandikwa kwa uangalifu, kinachomweleza mtu wa Meru jinsi ya kupika ndengu anazolima jirani yake wa Tharaka. Pakiti za unga wa ngano nilizozisoma zina maelezo ya mapishi kwa Kiingereza, na simu ya kijana humjibu kwa Kiingereza cha Mumbai au London.

Tanzania walishajaribu. Baada ya kuutangaza mwaka wa 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, walifanya kampeni ya Mtu ni Afya mwaka wa 1973, kisha Chakula ni Uhai mwaka wa 1975. Redio ilizungumza, vikundi vijijini vilikaa na vijitabu vya Kiswahili mikononi, wakasoma, wakajadili, wakaenda kutenda. Kenya tulikuwa na gumbaru, na mwaka wa 1979 serikali ikaanzisha Idara ya Elimu ya Watu Wazima. Gumbaru iliwafundisha wengi herufi. Baada ya herufi, ilibaki kazi ya kuwapa kitu cha kusoma ambacho kesho yake wangekihitaji tena.

Kitu hicho ndicho ninachokililia. Chama cha akina mama kinachokutana Jumamosi kina kila kitu isipokuwa ukurasa. Maktaba za kitaifa ziko Embu na Meru, zina meza na taa. Wahitimu wa Kiswahili tunao, tena wengine hawana kazi. Aliyeandika tasnifu ya kurasa 150 kuhusu mtindo anaweza kuandika ukurasa mmoja kuhusu ndengu, na ninaahidi kwamba ataona huo wa ndengu ndio mgumu.

Ugumu wenyewe ni wa lugha. Chukua hilo neno ndengu. Kenya bara ni zile punje ndogo za kijani zinazostawi ukanda wa chini wa Tharaka na Mbeere, mmea uliofugwa kwanza huko India. Mombasa wataziita pojo. Tanzania ni choroko, nayo dengu kwao ni kitu kingine, zile punje kubwa za manjano. Mpishi wa Siakago akifuata maandishi ya Dodoma bila kujua hili, atasubiri chungu mpaka usiku. Dania utaikuta kwenye kamusi kama giligilani, na Pwani majani yake ni kotmiri. Tusiwe wakaidi wa usanifu hapa. Mwandishi aweke neno la sokoni kwanza, kisha la kamusi kando yake, na msomaji atayabeba yote mawili.

Kuna pia hatua ya mwisho ya mapishi hayo. Mpishi wa Kihindi huchemsha ndengu zake peke yake, kisha hukaanga vitunguu saumu na bizari nyembamba katika mafuta ya moto na kuvimwagia juu, chungu kikalia. Wenzetu wengi wa bara husema kukaanga kwa shughuli hii yote, kitenzi kilekile cha viazi na mayai. Pwani wanasema kuunga, na mchuzi ulioungwa ni tofauti kabisa na uliokaangwa. Ningeandika kuunga kwenye huo ukurasa, bila maelezo marefu, nikawaachia akina mama wa Jumamosi waulizane maana yake chungu kikiwa jikoni.