Ndege ya rimoti ya petroli: pima ngazi kwanza, injini baadaye

Juzi nilikuwa Nairobi kwa dada yangu, mtaa wa Umoja. Baada ya Maghribi mwanawe aliniita kando kama mtu anayetaka kukopa. "Mjomba, wewe umesomea mitambo. Nichagulie." Akanifungulia simu. Nilidhani atanionyesha pikipiki, kumbe ni ndege.

Si zile ndege za plastiki za watoto, wala si droni ya kupigia picha za harusi. Ni ndege za rimoti za kufanyia sarakasi angani, zenye injini ya petroli na mabawa ya mita 2 mpaka 3. Zinabingirika, zinaruka chali, na rubani hodari anaweza kuisimamisha wima hewani ikaning'inia kwa propela yake. Kijana na wenzake wawili wanatengeneza simu, na wameweka akiba kwa miaka miwili. Mpaka sasa wamerusha ndege ya povu ya umeme tu, yenye bawa la mita moja. Sasa wanataka kubwa, na walikuwa wameshakaribia kulipia ya cc 100.

Nilikaa naye mpaka saa sita ya usiku. Naandika tuliyozungumza kwa sababu najua hata huku Mombasa na Malindi wapo vijana wenye hamu hiyo hiyo, na pesa yenyewe si ya kuchezea. Ndege ya cc 50 ikishakamilika na kusafirishwa inapita bei ya bodaboda mpya. Ya cc 100 inakaribia gari kuukuu la mtumba.

Kwanza jina. Wamarekani huita petroli "gesi", na mmoja wa wale vijana alikuwa ameshaanza kuuliza mtungi wa meko utafungwa wapi. Ni petroli ya kawaida ya kituoni, iliyochanganywa na oili ya tu-stroku. Mvuvi yeyote mwenye mashini ya boti anaijua kazi hii: mililita 25 za oili kwa lita moja ya petroli ndio uwiano wa 40 kwa 1, ingawa kila mtengenezaji wa injini ana kipimo chake na ni hicho cha kufuata. Hapo petroli inazishinda aina nyingine mbili. Injini ndogo za methanoli hutaka mafuta maalumu ambayo itabidi uyaagize. Ndege kubwa za umeme zinataka betri za lithiamu za bei kali, na kuzisafirisha kwa ndege kuna masharti mengi. Petroli iko hapo barabarani.

Sasa hewa. Sisi tuliozaliwa usawa wa bahari hatuifikirii hewa. Eastlands iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa kama asilimia 15. Injini isiyo na turbo inameza hewa hiyo nyepesi, kwa hivyo nguvu inapungua karibu kwa kiasi hicho hicho. Cc 50 ya Umoja inasukuma kama cc 42 ya Nyali. Na hili halionekani kwa macho, kwa sababu propela nayo inapata ukinzani mdogo, basi mizunguko yake kwa dakika hubaki karibu ile ile. Ukipima mizunguko utasema kila kitu sawa. Kilichopungua ni msukumo.

Kijana akaruka, "Basi mjomba, ndio tuchukue ya cc 100!"

Hapana. Chukua mfano wa ndege ya cc 50 yenye uzito wa kilo 7.5 na msukumo wa kilo 13 usawa wa bahari. Nairobi ule msukumo unashuka hadi karibu kilo 11. Bado ni mara moja na nusu, au pungufu kidogo, ya uzito wake, na kuning'inia hewani kunataka msukumo uzidi uzito tu, na akiba ya kujitoa hapo. Inatosha. Jambo la kuogopa katika hewa nyepesi ni uzito. Ili bawa libebe mzigo ule ule, ndege lazima iende kasi zaidi, kama asilimia 9 hivi, na kwa hivyo inatua kwa kasi zaidi na kutaka uwanja mrefu zaidi. Kwa hiyo ukiwa na ndege mbili za cc 50 mbele yako, usiangalie ipi ina rangi nzuri. Uliza ipi nyepesi. Gramu mia tano zilizopunguzwa kwenye kiwiliwili zina faida kuliko injini ya kujionyesha.

Na kabureta, jamani. Injini iliyorekebishwa usawa wa bahari ikipanda Nairobi inapata mafuta mengi kuliko hewa: inatoa moshi, inakohoa. Fundi ataifunga skurubu ya mafuta kidogo na itanyooka. Tatizo ni siku utakapoileta likizo Mombasa. Hewa ya huku ni nzito, mafuta yatakuwa machache, na katika tu-stroku oili inaingia pamoja na petroli. Mafuta yakipungua na oili imepungua. Injini italia vizuri sana, sauti kali ya kupendeza, dakika chache tu kabla pistoni haijashika. Nimeona mashini za boti zikifa hivyo, na zile zina maji ya kuzipoza. Hii inapozwa kwa upepo peke yake. Ukishuka pwani, fungua skurubu kwanza.

Baada ya hewa tulitoka nje kupima ngazi. Nasema kweli, tulichukua futi ya fundi cherehani. Dada yangu anakaa ghorofa ya nne. Mabawa ya ndege hizi hutoka, yanachomekwa kwenye bomba la kaboni, kwa hivyo si tatizo. Kiwiliwili hakikunjiki. Cha cc 35 ni karibu mita 1.9, cha cc 50 kama mita 2.1, cha cc 100 kinapita mita 2.4. Kwenye kona ya ngazi za Umoja, penye ndoo za majirani na baiskeli iliyofungwa kwa mnyororo, mita 2.1 inapita kwa kuiinua wima. Mita 2.4 haikupita. Tulijaribu na bomba la maji la urefu huo, majirani wakitutazama. Halafu kuna gari: Probox ya rafiki yake inaingiza cha cc 50 kwa mshazari, pua ikifika kati ya viti vya mbele. Na kuna petroli: ndani ya chumba wanapolala watoto tangi liwe tupu kabisa, na dumu lisikae humo. Dada yangu alilisema hili kabla yangu, kwa sauti ambayo siiandiki.

Kuhusu umbo sikuwa na maneno mengi. Hizi zote ni nakala za ndege za kweli za mashindano. Extra 300 ya Ujerumani, iliyoruka mara ya kwanza 1988, ndiyo tulivu na inamvumilia anayejifunza. Edge 540 ya Marekani ni nyepesi wa kubingirika, inataka vidole vilivyozoea. Yak 54 ya Urusi ina tumbo nene, inakwenda vizuri kwa ubavu, ila watu huinunua kwa sura. Kwa kijana anayetoka kwenye povu, Extra, wala hakuna mjadala mrefu.

Pasipofaa ubahili ni kwenye vile vimota vya sevo vinavyosukuma mikia na mabawa, na kwenye umeme wa risiva. Sevo moja dhaifu ikikatika meno ndege ni mali ya aliye chini yake. Weka betri mbili za risiva, gia za chuma, na swichi ya kukata moto wa plagi kutoka kwenye rimoti, ili injini izimike hata kabureta ikikwama. Mawasiliano yakipotea, injini ipangwe ijizime yenyewe. Kuwasha ni watu wawili, mmoja ameshika mkia. Propela ya cc 50 ni inchi 22 au 23 na haijui kidole cha nani.

Hapo ndipo nilipomuuliza swali nililokuwa nimelihifadhi: utairusha wapi?

"Kuna uwanja wa shule hapo nyuma, mjomba."

Wallahi nilinyamaza kidogo. Kilo saba na nusu zinazokwenda zaidi ya kilomita 100 kwa saa, juu ya nyumba za mabati, kamba za nguo na watoto wanaotoka madrasa. Na upande mmoja wa Umoja kuna kambi ya jeshi la anga ya Eastleigh, uliokuwa uwanja wa ndege wa Nairobi kabla ya Embakasi kufunguliwa 1958. Upande wa pili kuna huo wa Embakasi wenyewe, JKIA. Kanuni za KCAA za 2020 za vyombo visivyo na rubani zinakataza kurusha ndani ya kilomita 10 za viwanja vikubwa bila idhini, zinaweka kikomo cha futi 400 kwenda juu, na zinataka nafasi ya mita 50 kutoka kwa watu, magari na majengo. Umoja, Buruburu, Donholm, Kayole, kote huko ni ndani ya duara hizo. Hata uagizaji wenyewe, nenda kaulize KCAA kabla hujatuma pesa, maana sanduku likishakwama forodhani ada ya kuhifadhi inahesabiwa kila siku.

Kwa hivyo bajeti yao ilibadilika. Kuna nauli ya kwenda nje ya mji, kwenye mbuga za Kajiado au Machakos. Kuna kumtafuta mwenye shamba akubali, na hata huko kuangalia kama hakuna kiwanja kidogo cha ndege jirani. Kwa cc 100 pesa ingeishia kwenye sanduku.

Aliandika kwenye karatasi: Extra, cc 50, ile nyepesi, na miezi mitatu ya kujifunzia kwenye programu ya kompyuta kwanza. Wenzake wawili bado wanataka cc 100. Wanasema watakodi chumba cha chini.

Jumapili alinipigia. Wamepata chumba cha chini, lakini mlango wake unafunguka kwa ndani. Amenitumia vipimo, na mimi niko hapa na kalamu.