Maneno ya Kiitaliano Yahusuyo Wanawake

Mfasiri atakaye kulitia neno "mwanamke" katika Kiitaliano hukuta mbele yake maneno mawili: donna na femmina. Mwanafunzi aweza kuyadhani kuwa ni mamoja. Walakini asili zao ni mbalimbali, na akosaye kuyapambanua huenda akatukana asipokusudia.

Donna latokana na neno la Kilatini domina, yaani bibi mwenye nyumba, nalo ni la ukoo mmoja na domus, nyumba. Basi lilianza kuwa neno la heshima, kisha likaenea hata likawa jina la mwanamke yeyote aliye mtu mzima. Heshima ya kale imesalia katika Madonna, "bibi wangu", ambalo zamani aliitwa kwalo mwanamke wa cheo, na sasa hasa ni jina la Bikira Mariamu. Lilipofupishwa likawa monna. Ndiyo sababu picha mashuhuri ya Leonardo da Vinci huitwa Monna Lisa, maana yake "Bibi Lisa".

Femmina, kutoka Kilatini femina, laonyesha jinsi tu. Twiga jike ni giraffa femmina, na twiga dume ni giraffa maschio. Mtoto azaliwapo husemwa è femmina, "ni wa kike", wala hapana ubaya. Lakini mwanamke mzima akiitwa femmina, mara nyingi husikia dharau, kama vile Mswahili asikiavyo mtu akiitwa jike. Hata hivyo, katika lahaja za Sicilia na Napoli neno hilo ndilo la kawaida kwa mwanamke, nalo halina tusi.

Moglie, "mke", asili yake ni mulier, ambalo katika Kilatini lilikuwa na maana ya mwanamke, awe ameolewa au hakuolewa. Maana yake ilipunguka, kama ilivyopunguka maana ya "mke" katika Kiswahili, ingawa -ke yabaki kuonyesha jinsi.

Maneno ya wasioolewa ndiyo yaliyoshuka zaidi. Zitella hapo kale lilikuwa msichana tu. Leo ni neno la kumbeza mwanamke aliyepitwa na umri wa kuolewa, hali scapolo, mwanamume asiyeoa, halina dharau kama hiyo. Tena signora huitwa aliyeolewa, na signorina asiyeolewa. Bali mwanamume ni signore, ameoa au hakuoa. Kwa sababu hiyo Alma Sabatini, katika mapendekezo yake yaliyochapishwa na serikali ya Italia mwaka 1987, alishauri kwamba signorina liachwe, na kila mwanamke mzima aitwe signora.

Basi haimtoshi mfasiri kujua maana ya neno peke yake. Yampasa atazame nani asemaye, amwambia nani, na katika nchi ipi ya Italia. Kwani neno lile lile laweza kuwa salamu kwa huyu na tusi kwa yule.