PC Imekataa Kuwaka Baada ya Kuweka Kadi Mpya? Cheki Hivi Vitu Kabla Urudi Luthuli

Umejinyima miezi kadhaa, ukashuka tao, ukanunua kadi ya grafiki ndio GTA V iache kukwama na video za wateja zitoke haraka. Umefika keja, iwe ni Umoja, Kayole ama Donholm, umeiweka, umebonyeza batani. Kimya. Ama feni inazunguka sekunde moja alafu inazima.

Hapo wasee wengi wanasema kadi ni mbovu ama mashine imekufa. Mara nyingi hakuna kilichokufa. Shida iko kwa pawa saplai, ile boksi ya chuma iko ndani ya CPU, yenye waya ya stima inaingia nyuma. Na usipojua hii, utarudi dukani na hasira, jamaa achomeke kadi kwa mashine yake, iwake vizuri, ubaki umesimama hapo na noma yako. Kwa hivyo tufuate stima kutoka kwa ukuta hadi kwa kadi, hatua moja moja.

Anza na ukuta

Stima ya Kenya ni volti 240. Lakini kwa ploti nyingi za Eastlands, soketi moja inabeba ekstensheni, na hiyo ekstensheni inabeba TV, ufa ya muziki, friji na PC. Toa PC kwa ekstensheni, ichomeke moja kwa moja kwa ukuta. Usipime soketi na chaja ya simu, juu chaja inakula wati chache sana na itafanya kazi hata kama soketi imelegea. Pima na pasi. Kama pasi haipati moto sawasawa ama soketi inatoa sauti ya kukwaruza, umeshajua shida inaanzia wapi. Ita fundi wa stima.

Alafu cheki plagi. Ile ya miguu 3 iko na fyuzi ndani. Ikichomeka, PC inakaa maiti na bado iko poa. Badilisha waya na ya monita, zinafanana, uone.

Sasa angalia nyuma ya pawa saplai. Kuna swichi ya I na O, ifaa kuwa kwa I. Pawa saplai za zamani pia huwa na swichi ndogo nyekundu imeandikwa 115 na 230. Mashine iliyotoka Marekani inaweza kuja ikiwa kwa 115, juu huko stima yao ni karibu volti 120. Ukiichomeka hapa ikiwa hivyo, utasikia mlio na harufu ya kuchomeka, na hiyo pawa saplai imeenda. Kwetu inakaa kwa 230. Icheki kabla ya kuwasha.

Mashine inakuambia nini?

Imekaa kimya kabisa, hakuna taa, hakuna feni: chomoa stima, bonyeza batani sekunde kumi imalize chaji iliyobaki, gusa chuma ya kasha, alafu fungua. Toa kadi mpya. Sukuma kila waya ya pawa mpaka usikie imekaa, haswa ile kubwa ya madabodi na ile ya pini 4 ama 8 iko karibu na prosesa. Ukiweka kadi mkono unaweza kuvuta waya bila kujua.

Inawaka sekunde moja alafu inazima: pawa saplai inajilinda. Inaweza kuwa skrubu imeanguka nyuma ya madabodi, ama waya imeingia pahali si pake. Hapa wengi huchomwa. Waya ya pini 8 ya prosesa na waya ya pini 8 ya kadi zinakaa mapacha, lakini ndani zimepangwa tofauti. Ya prosesa hugawanyika 4 na 4. Ya kadi hugawanyika 6 na 2. Ikikataa kuingia, usilazimishe.

Feni zinazunguka lakini skrini ni nyeusi: cheki kama HDMI bado iko kwa madabodi. Ihamishe kwa kadi. Pia angalia kama kadi iko na sehemu ya pini 6 ama 8 juu yake na hujachomeka kitu.

Inawaka fiti lakini ukifungua gemu inazima ghafla: kadi imeanza kuitisha stima yote na pawa saplai imeshindwa. Joto pia huzima PC, lakini mara nyingi linachukua muda na utasikia feni zikipiga kelele kwanza.

Kanuni ni moja: toa kadi, washa na ile grafiki ya prosesa. Ikikaa saa nzima bila shida, rudisha kadi. Ikizima tena, umepata mahali pa kuangalia. Jaribu kitu kimoja kwa wakati mmoja, la sivyo hutajua ni gani ilisaidia.

Soma stika

Desktopu nyingi zinauzwa tao ni zile za ofisi za ng'ambo, kina HP EliteDesk na Dell OptiPlex. Zilitengenezwa kwa mtu wa Excel. EliteDesk 800 G1 ile ndogo iko na pawa saplai ya wati 240. Weka ndani i5-4570, hiyo peke yake imekadiriwa wati 84. Sasa ongeza kadi ya RX 580, wati 185. Ushafika 269 kabla uhesabu madabodi, diski na feni. AMD wenyewe wanataka pawa saplai ya wati 500 kwa hiyo kadi.

Kwa stika, usiangalie tu namba kubwa. Tafuta mstari wa +12V, juu hapo ndio kadi na prosesa hula. Zidisha ampea na 12. Pawa saplai imeandikwa 500W lakini +12V ni 14A tu, hiyo ni wati 168. Hiyo 500 ni ya kuuzia.

Sloti ya madabodi inapea kadi hadi wati 75. Kadi kama GTX 1050 Ti na GTX 1650 zilipangwa kuishi ndani ya hizo 75, kwa hivyo nyingi hazina haja ya waya ingine. Lakini kuna matoleo yanakuja na pini 6, kwa hivyo angalia ile unapewa mkononi. Na kama kasha lako ni lile nyembamba, uliza kadi fupi, ya kimo cha chini.

Adapta ndio hatari

Ukilia huna pini 6, kuna mtu atakuuzia adapta inatoa stima kwa waya ya SATA, ile ya kuwashia SSD, inapeleka kwa kadi. Iache. Mdomo wa SATA umepimwa kubeba ampea 4.5 kwa volti 12, yaani wati 54. Pini 6 inaweza kuitisha 75. Plastiki inapata moto, inayeyuka, na hiyo PC iko karibu na pazia, kitanda na jirani wa floo ya juu ako na watoto. PC utanunua ingine.

Pia usiseme utanunua pawa saplai kubwa yoyote ukaipachika. HP na Dell nyingi za ofisi ziko na plagi zao, si ile ya kawaida ya pini 24, na boksi pia haitoshei. Nenda na jina kamili la mashine. Na usifungue pawa saplai yenyewe. Kapasita za ndani hushika chaji hata baada ya kuchomoa.

Jambo la mwisho: stima ikipotea, chomoa PC kwa ukuta, usingoje. Tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima ilikaa giza, na stima ikirudi hairudi polepole. Ngoja dakika chache itulie ndio uchomeke.

Kabla ushuke tao, piga picha ya stika ya pawa saplai, ya ndani ya kasha, na ya jina la mashine. Onyesha muuzaji hizo tatu kabla utoe doh. Alafu mwambie aiwashe ukiwa hapo.