Mikono miwili, ubongo mmoja

Ndugu mfanyakazi, tia mkono mfukoni, ushike ufunguo bila kuutazama. Mara moja umejua: huu ni ufunguo, si msumari. Nani amekuambia? Si vidole peke yake. Ni ubongo.

Chini ya ngozi ya vidole kuna mishipa midogo ya fahamu. Inasikia mguso, joto, baridi na mtikisiko. Habari yake inapanda kwa uti wa mgongo mpaka kichwani, na njiani inavuka: ya mkono wa kuume inafika upande wa kushoto wa ubongo, ya mkono wa kushoto inafika upande wa kuume. Katikati kuna daraja la nyuzi nyingi sana. Hapo pande mbili zinapashana habari. Ndiyo maana mama akishika sufuria kwa mikono miwili anasikia sufuria moja, si mbili.

Lakini ubongo unajua tu yale ambayo mkono unauletea. Mashini ya kutoboa mwamba inatikisa vidole saa nyingi, na mtikisiko unaumiza mishipa ya fahamu na ya damu. Mwaka 1918, munganga Alice Hamilton aliwapima wachonga mawe wa Bedford, Marekani. Wakati wa baridi vidole vyao viligeuka vyeupe na kufa ganzi, hasa vya mkono wa kushoto, ulioshika patasi.

Mkono wenye ganzi hausikii moto wala ncha kali. Basi ufanye hivi:
– Usikaze mashini kupita lazima. Pumzika, mpokezane na mwenzako.
– Mashini inayotikisa kuliko kawaida, mwonyeshe mkubwa wako wa kazi.
– Linda mikono na baridi na maji. Acha tumbako, inabana mishipa ya damu.
– Jioni funga macho, mtoto akuguse vidole vya mikono yote miwili. Vikisikia tofauti, au vikiwashwa na kufa ganzi mara kwa mara, nenda kwa munganga.

Nanyi mama wa nyumbani, mkumbuke: mtu akifa ganzi ghafula upande mmoja, mkono ukalegea, mdomo ukapinda, hiyo si kazi ya mashini. Ni ubongo wenyewe unaoumia. Msingoje kesho, mpelekeni hospitali saa ile ile.